Vifaa Vidogo vya Umeme wa Jua: Sheria Ikague Kitu Gani?

Katika nchi zilizo karibu na Ikweta urefu wa usiku haubadiliki sana. Nyarubungo, katika eneo la wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, iko kama digrii tatu hivi kusini mwa mstari huo, na tofauti kati ya siku iliyo ndefu kuliko zote na ile iliyo fupi kuliko zote haifiki hata nusu saa. Jua likizama kiasi cha saa moja jioni, giza la karibu saa kumi na mbili huanza, liwe la mwezi Juni au la mwezi Desemba. Mwanafunzi wa shule ya kutwa aliyerudi kwa miguu, akachota maji, akasaidia jikoni, hufungua daftari lake giza likiwa limekwisha kuingia. Kwa hiyo suala la taa huko si suala la starehe; ni suala la elimu, na la afya ya macho na mapafu pia, maana taa iliyozoeleka kwa muda mrefu ni kibatari, chenye moshi mwingi na mwanga usiozidi sana lumeni kumi. Balbu ndogo ya kisasa inayotumia wati moja tu ya umeme hutoa lumeni zipatazo mia.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoeneza umeme wa jua vijijini, na uenezi huo haukungoja amri ya mtu. Utafiti wa hali ya upatikanaji wa nishati uliofanywa mwaka 2016 na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Wakala wa Nishati Vijijini ulionesha kwamba ni asilimia 16.9 tu ya kaya za vijijini Tanzania Bara zilizokuwa na umeme wa aina yoyote. Lakini ndani ya kundi hilo dogo, asilimia 64.8 walikuwa wakitumia umeme wa jua, na waliounganishwa na gridi walikuwa asilimia 34.5. Maana yake ni kwamba mkulima aliyeuza kahawa au maharage akanunua paneli sokoni alikuwa amejiwekea umeme kwa wingi unaokaribia mara mbili ya ule uliofikishwa vijijini kwa nguzo na nyaya. Tangu wakati huo gridi imesonga mbele sana, na kufikia mwaka 2024 Serikali ilikuwa imeeleza kwamba karibu vijiji vyote vimefikiwa. Hata hivyo, umeme kufika kijijini ni jambo moja, na kufika katika kila kitongoji na kila nyumba ni jambo jingine. Nyumba iliyo nusu saa ya mwendo kutoka kwenye nguzo ya mwisho bado inategemea jua.

Sasa ni nani anayemlinda mnunuzi huyo? Hapo ndipo penye mjadala. Wako wanaosema kwamba vifaa hivi vidogo viachwe huru kabisa, kwa kuwa kila kanuni huongeza bei, na kila ongezeko la bei humrudisha mtu kwenye kibatari. Wako pia wanaotaka kila kifaa kiandikishwe, kila fundi awe na leseni, na kila nyumba ikaguliwe kama zinavyokaguliwa nyumba za mjini zinapofungwa nyaya. Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli, lakini zote mbili zimekosea mahali pa kuweka mkono wa sheria. Hatari ya kifaa kidogo cha umeme wa jua haiko hasa ndani ya nyumba ya mwenye nacho. Iko kwenye maandishi yaliyobandikwa nyuma yake.

Tuchukue mfano ambao mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuukokotoa mwenyewe. Paneli inauzwa sokoni, imeandikwa wati 50, na ukiipima kwa rula unakuta urefu wake ni sentimita 40 na upana sentimita 30. Eneo lake, basi, ni mita za mraba 0.12. Kwa mapatano ya kimataifa, wati za paneli hutajwa katika mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la digrii 25 za Sentigredi. Jua lote linaloangukia paneli hiyo katika hali hiyo ni wati 120. Ili itoe wati 50 ingelazimu kugeuza zaidi ya asilimia 41 ya mwanga huo kuwa umeme. Paneli za silikoni zinazouzwa madukani hugeuza kama asilimia 20, zile nzuri zaidi kidogo, na zile hafifu chini ya hapo. Tena mwaka 1961 wanasayansi William Shockley na Hans Queisser walionesha kwa hesabu kwamba seli ya tabaka moja la aina hii haiwezi kuvuka takriban theluthi moja, hata ikitengenezwa kwa ustadi wa namna gani. Kwa hiyo paneli ile haiwezi kuwa ya wati 50. Ikiwa imetengenezwa vizuri itatoa kama wati 20. Uongo umegunduliwa kwa rula ya shilingi chache, bila maabara.

Lakini mnunuzi haoneshwi rula. Anachooneshwa aghalabu ni mita ya fundi. Muuzaji huitoa paneli nje, hugusisha nyaya mbili, na mita husoma volti 21. Mteja huona namba kubwa kuliko 12 za betri, akaridhika, akalipa. Hapa somo la fizikia lina kazi kubwa ya kufanya, maana volti za paneli isiyounganishwa na kitu hazisemi chochote kuhusu wingi wa umeme wake. Volti hutokana na idadi ya seli zilizofuatana. Paneli ya wati 5 na ya wati 50, zote zikiwa na seli 36, husoma volti zile zile. Kinachotofautisha ni ampea. Paneli ya kweli ya wati 50 ya mfumo wa volti 12, ikigusanishwa nyaya zake mbili kupitia mita juani, hupitisha ampea zipatazo tatu. Ya wati 20 hupitisha ampea moja na kidogo. (Kugusanisha nyaya za paneli hivyo hakuna madhara kwake. Mtu asijaribu kamwe jambo hilo kwa betri, ambayo huweza kupitisha mamia ya ampea, ikayeyusha waya na kuwasha moto.)

Yafaa kukiri kwamba hata paneli ya haki haitoi wati zake zote. Seli zikichomwa na jua la mchana hufika digrii 60, na kila digrii moja juu ya 25 hupunguza uwezo wa silikoni kwa kiasi cha asilimia 0.4. Hivyo wati 50 za kweli huwa kama 43 juu ya bati la Nyarubungo. Mkaguzi asiyelijua hilo atamtia hatiani mfanyabiashara mwaminifu, na mkaguzi anayelijua kupita kiasi atamsamehe mdanganyifu kwa kisingizio cha joto. Pengo la asilimia 14 ni la tabia ya seli yenyewe. Pengo la asilimia 60 limetengenezwa na binadamu.

Kwa betri udanganyifu ni mkubwa zaidi, kwa sababu betri haioneshi eneo lake. Taa nyingi za mkononi na tochi za kuchaji hutumia seli ya lithiamu ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli bora za umbo hilo huhifadhi milliampea-saa kama 3,500, au zaidi kidogo. Hata hivyo, zinauzwa duniani kote zikiwa zimeandikwa 9,900. Namba hiyo haiwezekani katika umbo lile, na anayeiandika hana shaka kwamba ni ya uongo. Anachotegemea ni kwamba mnunuzi hatakuwa na njia ya kuijua.

Kwamba mambo haya yanaweza kuharibu soko zima, ushahidi uko kwa jirani zetu wa Kenya. Huko, tangu miaka ya 1990, paneli ndogo za silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele zilienea vijijini kwa maelfu, zikiuzwa madukani kama bidhaa nyingine yoyote. Mwaka 1999 watafiti walizipima. Chapa kadhaa zilikuwa zikitoa umeme unaokaribiana na ulioandikwa, lakini chapa mojawapo iliyokuwa ikiuzwa kwa wingi ilikuwa ikitoa pungufu kwa kiasi kikubwa. Matokeo yalipotangazwa hali ilirekebika. Lakini upimaji ule ulikuwa wa mara moja. Miaka michache baadaye, watafiti, miongoni mwao Arne Jacobson na Daniel Kammen, walipopima tena waliona chapa nyingine mpya zenye upungufu zimekwisha ingia sokoni. Somo lao kuu lilikuwa kwamba upimaji wa mara moja humfukuza mdanganyifu wa leo, na kumwachia nafasi wa kesho. Kinachohitajika ni taasisi yenye desturi ya kupima bila kuchoka.

Aina ile ya paneli, tena, ina hila ya kimaumbile. Katika wiki za kwanza za kukaa juani uwezo wake hushuka kwa asilimia 15 hata 30, ndipo hutulia. Tabia hiyo ilielezwa na David Staebler na Christopher Wronski mwaka 1977. Mtu akiipima dukani ikiwa mpya ataikuta bora kuliko ilivyoandikwa, na baada ya miezi miwili mnunuzi ataikuta dhaifu. Kwa hiyo hata kipimo cha kweli huweza kudanganya kikifanywa kwa wakati usiofaa.

Kutokana na uzoefu wa namna hiyo, Benki ya Dunia na shirika lake la fedha la IFC zilianzisha mwaka 2007 mpango wa Lighting Africa, ambao ulitengeneza njia ya kupima taa na mifumo midogo ya nyumbani. Tangu mwaka 2020 kazi hiyo ya upimaji inaendeshwa kwa jina la VeraSol. Njia hiyo imeingizwa katika viwango vya kimataifa vya umeme, na nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Ethiopia zikiwamo, zimeitumia kama kiwango cha taifa. Nguzo yake muhimu ni ukweli wa tangazo: yaani, kifaa hakilazimiki kuwa kikubwa, bali kinalazimika kuwa kile kinachosemwa. Hilo ni wazo jema, na linastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, lina mwanya ambao kwa mnunuzi wa Nyarubungo ni mpana mno. Mpango ule ulibuniwa kwa ajili ya vifaa vinavyouzwa kama seti iliyofungwa pamoja: paneli, betri, taa na waya katika boksi moja. Mkulima, kwa upande wake, mara nyingi hununua kwa vipande. Msimu huu paneli, msimu ujao betri, kisha kontrola ikiwa fedha itatosha, na ikiwa haitatosha huunganisha paneli moja kwa moja na betri ya gari. Kila kipande kina stika yake, na hakuna mtu aliyeupima mkusanyiko wote. Kudhibiti seti za kwenye boksi na kuviacha vipande ni sawa na kupima maziwa ya kiwandani na kuyasahau yale ya kwenye kibuyu.

Nchini Tanzania vyombo vipo. Shirika la Viwango lina nguvu chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, na tangu mwaka 2012 kumekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Tume ya Ushindani ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia. EWURA inasimamia huduma za umeme, na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 kwa hekima imewaachia huru wazalishaji wadogo walio chini ya megawati moja wasihitaji leseni ya kuzalisha. Mtu mwenye taa tatu na redio asiguswe na sheria ya mitambo ya umeme. Hapo hapana la kubadilisha. Upungufu uko katika umbali. Hati ya ukaguzi huishia kwa mwagizaji bandarini Dar es Salaam, na kutoka hapo hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200 za barabara, maghala, malori na mikono ya wauzaji wa jumla na rejareja. Mnunuzi haioni hati. Huiona stika, na stika ni karatasi ambayo yeyote anaweza kuichapisha.

Kwa hiyo inafaa ukaguzi ufuate bidhaa hadi inakouzwa. Shirika la Viwango linunue sampuli kama mteja wa kawaida, kwa siri, katika masoko ya wilayani, Biharamulo na Nyakanazi na mahali pengine kama hapo, lizipime, kisha litangaze matokeo kwa jina la chapa, kwa Kiswahili, redioni. Muuzaji mdogo asitozwe faini kwa bidhaa aliyouziwa naye akiwa haijui. Mzigo umwangukie aliyeiingiza nchini, ambaye jina na anwani yake vilazimishwe kuandikwa juu ya kifaa kwa wino usiofutika, pamoja na wati za kweli, wati-saa za betri, na idadi ya saa ambazo taa itawaka ikiwa imejaa. Na awajibike kubadilisha kilicho pungufu katika muda uliotajwa. Mwenye kuagiza makontena ana anwani na mali ya kudai; mwenye meza sokoni hana.

Itasemwa kwamba jambo hilo litaongeza gharama. Ni kweli, kidogo. Lakini gharama hiyo haina budi kulinganishwa na ile inayolipwa sasa bila kuonekana, yaani nusu ya fedha ya paneli inayokwenda kununua wati zisizokuwapo. Aliyelipia wati 50 akapewa 20 amekwisha tozwa kodi, isipokuwa kodi hiyo haikuingia katika hazina ya taifa.

Aidha, si kila udhibiti humfikia anayekusudiwa, na historia ya karibuni ina mfano wa kutosha. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Sababu ilikuwa njema: wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa katika dizeli kwa kuwa yalikuwa rahisi, na magari yakiharibika. Ushuru uliondoa faida ya uchakachuaji ule. Lakini aliyeulipa kila jioni, kwa kipimo cha chupa ndogo, ni mwenye kibatari, ambaye hakuwa na gari wala hakuchakachua chochote. Kanuni ya umeme wa jua itakayomtaka mwananchi kuandikisha paneli yake, au kumwita fundi mwenye leseni kutoka wilayani ili afunge taa mbili, itakuwa na kasoro ile ile. Kenya, kwa kanuni zake za mwaka 2012, iliweka daraja la leseni hata kwa mafundi wa mifumo isiyozidi wati 100. Kwa fundi anayefanya kazi hiyo kwa malipo, mafunzo ni jambo la kupongezwa. Kwa baba anayepigilia paneli juu ya paa lake mwenyewe, leseni ingekuwa mzaha.

Ziko, hata hivyo, nyumba ambazo hoja hii ya uhuru haizihusu kikamilifu. Ni zile zilizounganishwa na gridi, ambazo bado zina paneli na inveta. Mwenye nyumba akichomeka inveta yake katika soketi ya ukutani, umeme huweza kurudi kwenye nyaya za mtaani wakati fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo akiamini kwamba amezima. Ujerumani, ambako watu wengi hufunga paneli ndogo katika roshani za maghorofa na kuzichomeka kwenye soketi, imeruhusu jambo hilo kwa kipimo: tangu Mei 2024 inveta isizidi volti-ampea 800, iwe ya aina inayojizima yenyewe gridi inapokatika, na mwenye nayo ajiandikishe. Huko hatari iko katika uhusiano wa kifaa na gridi, nao wakadhibiti uhusiano huo. Kanuni za kwao hazifai kunakiliwa hadi nyumba isiyo na gridi, lakini kwa nyumba yenye vyote viwili nchini mwetu, sharti la inveta inayojizima ni la lazima, na halina mjadala.

Kuna suala jingine, la kufuli. Kampuni nyingi huuza mifumo kwa malipo ya kidogo kidogo kwa njia ya simu, na kifaa hujifunga malipo yakichelewa. Mpango huo umewawezesha wengi ambao wasingeweza kulipa kwa mkupuo mmoja, na si haki kuulaumu kwa jumla. Lakini mwaka 2019 Mobisol, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, ilifilisika. Bahati njema biashara yake ilinunuliwa mwaka ule ule na ENGIE ya Ufaransa. Isingepata mnunuzi, nani angetoa namba za kufungulia? Sheria yapasa iseme mapema kwamba funguo za vifaa zikabidhiwe kwa mtu wa tatu, ili muuzaji akianguka mteja aliyelipa asibaki gizani na boksi lililofungwa.

Halafu betri zikifa. Hapa udhibiti wa maandishi hautoshi, maana betri ya risasi na asidi haiishi hatari yake inapoacha kufanya kazi. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu. Wakazi, watoto hasa, waliathirika kwa sumu yake. Phyllis Omido aliongoza mapambano, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri za nyumba za vijijini zinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kutoka hapo mkondo haujulikani kwa mwenye nyumba. Mwagizaji anayeandikwa jina lake juu ya kifaa anaweza kulazimishwa pia kuipokea betri yake iliyokufa kwa bei fulani. Bei hiyo ikiwa nzuri kuliko ya chuma chakavu, hapatakuwa na haja ya kumtuma askari kuitafuta.

Yote haya yataonekana kuwa kazi ya Serikali peke yake, nayo si kazi ya Serikali peke yake. Shule ya sekondari iliyo na maabara ya fizikia ina mita, ina rula, ina mizani, na ina vijana wanaojua kuzidisha volti kwa ampea. Shirika la Viwango halitakuwa na ofisi katika kila kata; shule ziko karibu katika kila kata. Ikiwa shule itapewa paneli moja tu iliyopimwa kwa uhakika, basi inaweza kuiweka kando ya paneli yoyote ya jirani, katika mwinamo mmoja, chini ya jua moja, na kulinganisha ampea za zote mbili. Kwa kuwa ampea za mgusano hupanda na kushuka pamoja na mwanga, uwiano wao hubaki ule ule hata wingu jembamba likipita, na hakuna haja ya chombo ghali cha kupimia mwanga. Kipimo hicho hakigundui kila kasoro, lakini wati 20 zinazojiita 50 hazitaweza kujificha.

Kwa betri ya risasi ya ampea-saa 7, jaribio ni refu zaidi. Ichajiwe hadi ijae, kisha ipewe mzigo wa ampea 0.35, na volti zisomwe kila saa moja. Betri ya haki huchukua saa zipatazo 20 kabla ya kushuka hadi volti 10.5, na wanafunzi wa bweni wanaweza kupokezana zamu. Isishushwe zaidi ya hapo, na ichajiwe upya mara moja, kwa sababu ikikaa tupu bamba zake huota fuwele za salfeti ya risasi zisizoyeyuka kwa urahisi, ikapoteza uwezo wake.

Mwalimu atakayefanya jaribio la paneli katika upande wa Ngara na Biharamulo azingatie jambo moja dogo ambalo vitabu vya kutoka Dar es Salaam havilitaji. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, na sehemu hizo ziko karibu na digrii 31. Jua hufika utosini huko kiasi cha saa saba kasoro dakika chache, wala si saa sita. Vipimo vichukuliwe wakati huo, paneli ikiwa imeachwa juani robo saa kwanza ili ifikie joto lake la kazi, na namba zote ziandikwe daftarini pamoja na chapa, wati zilizoandikwa kwenye stika, na duka ilikonunuliwa.